Kuandika Majina na Lebo za Mihimili ya Chati Katika Excel, Calc na Google Sheets: Mwongozo Kamili

Chati ambayo mihimili yake, yaani mstari wa chini na wa kando inayobeba vipimo, haina majina humwachia msomaji kazi ya kukisia, na mara nyingi hukisia vibaya. Nguzo inayofika kwenye 5 inaweza kumaanisha watu watano, elfu tano au milioni tano, na mstari unaopanda unaweza kuwa unapanda kwa siku, kwa mwezi au kwa muongo mzima. Katika ofisi nyingi za Dar es Salaam chati huanzia kwenye kompyuta ya mtu mmoja, huonyeshwa kikaoni kwa projekta, huchapwa kwa wino mweusi, kisha mtu huipiga picha na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp. Ikishafika huko, aliyeitengeneza hayupo tena kuieleza, hivyo chati yenyewe inapaswa kusema inapima nini na kwa kipimo gani.

Mwongozo huu unaanza na Excel, kwa kuwa ndiyo inayokutwa kwenye kompyuta nyingi, kisha unapita kwenye LibreOffice Calc na Google Sheets. Watumiaji wa WPS Office wanaweza kufuata maelezo ya Excel, kwa sababu programu hiyo huiga kwa karibu mpangilio wake. Majina ya menyu yameandikwa kama yanavyoonekana kwenye skrini, kwa kuwa kompyuta nyingi hapa kwetu zimewekwa kwa Kiingereza.

Jina la mhimili na lebo za mhimili

Kila mhimili una vitu viwili vinavyotengenezwa mahali tofauti. Jina la mhimili ni maneno machache yanayosimama kando yake, kwa mfano «Idadi ya watu (milioni)». Lebo za mhimili ni zile namba, tarehe au majina yaliyopangwa kwa kufuatana kwenye mhimili wenyewe: 1, 2, 3, au Ilala, Temeke, Ubungo. Jina huandikwa na wewe. Lebo hutoka kwenye seli za jedwali, na mara nyingi njia nyepesi ya kurekebisha lebo mbovu ni kurudi kwenye jedwali, si kuhangaika na chati. Anayetafuta mahali pa kufuta lebo moja juu ya chati na kuandika nyingine badala yake atatafuta sana, kwa sababu Excel haikuiweka nafasi hiyo.

Data ya mazoezi

Tutumie idadi ya watu wa Mkoa wa Dar es Salaam katika sensa tano. Fungua karatasi mpya na uingize namba hizi katika safuwima A na B, kuanzia A2 na B2, bila kuandika koma wewe mwenyewe:

1978 — 843,090
1988 — 1,360,850
2002 — 2,487,288
2012 — 4,364,541
2022 — 5,383,728

Kwenye B1 andika «Idadi ya watu». Seli A1, ambayo kwa kawaida ungeiandikia «Mwaka», iache tupu kwa sasa. Sababu yake utaiona ukijaribu kinyume chake. Ukiandika «Mwaka» juu ya namba za miaka, ukachagua safuwima zote mbili na kuingiza chati ya mstari, Excel huiona miaka kama kundi jingine la takwimu na kuichorea mstari wake. Mstari huo hulala chini kabisa ukigusa sifuri, kwa kuwa 2022 si kitu mbele ya milioni tano, na mhimili mlalo hubaki na lebo 1, 2, 3, 4, 5 zisizomhusu mtu. Kona ya juu kushoto ikiwa tupu, Excel huelewa kwamba safuwima ya kwanza ni ya lebo.

Ikiwa chati imeshaharibika kwa namna hiyo, hakuna haja ya kuifuta. Bofya chati kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua «Select Data», na upande wa kushoto uondoe mstari wa «Mwaka» kwa kitufe cha «Remove». Upande wa kulia, chini ya «Horizontal (Category) Axis Labels», bofya «Edit», kisha chagua kwa kipanya seli A2 hadi A6 na ubofye OK. Dirisha hili la «Select Data» ndilo linalotawala lebo za mhimili mlalo katika chati yoyote ya mstari au nguzo, na inafaa kulizoea.

Nafasi kati ya lebo

Kabla ya kuandika jina lolote, tazama umbali kati ya lebo zako. Sensa za Tanzania hazikufanyika kwa vipindi sawa: kati ya 1978 na 1988 ilipita miaka 10, lakini kati ya 1988 na 2002 ilipita miaka 14. Chati ya kawaida ya mstari haijui hilo. Huzipanga lebo tano kwa umbali uleule, kana kwamba ni majina ya mitaa, na matokeo yake ni chati inayopotosha huku kila namba ndani yake ikiwa sahihi.

Chukua vipande viwili. Kati ya 1988 na 2002 mkoa uliongezeka watu 1,126,438, na kati ya 2012 na 2022 uliongezeka watu 1,019,187. Kwenye chati yenye umbali sawa, kipande cha kwanza kinapanda kwa mwinuko mkali zaidi, na yeyote anayeitazama atasema ongezeko lilikuwa la kasi zaidi miaka ile ya nyuma. Ukigawanya kwa miaka, hali ni kinyume: takribani watu 80,000 kwa mwaka katika kipindi cha kwanza, na takribani 102,000 kwa mwaka katika kipindi cha pili. Hakuna jina la mhimili, hata liandikwe kwa ufasaha gani, litakaloponya kosa hilo.

Dawa yake ni kutumia chati ya nukta badala ya chati ya mstari. Chagua data, nenda «Insert», kisha katika kundi la chati chagua «Scatter with Straight Lines and Markers». Katika chati ya aina hii mihimili yote miwili ni ya namba, na mwaka 2002 hukaa mahali pake hasa kati ya 1988 na 2012. Kisha bofya mara mbili namba za mhimili mlalo. Kidirisha cha «Format Axis» kitafunguka pembeni, na ndani yake, chini ya «Bounds», weka 1970 kwenye «Minimum» na 2030 kwenye «Maximum», na chini ya «Units» weka 10 kwenye «Major». Lebo zitasomeka 1970, 1980, 1990 na kuendelea, na nukta za sensa zitasimama katikati yake zinapostahili.

Kwa takwimu za tarehe kamili, kama mauzo ya siku ambazo nyingine zimerukwa, kuna njia nyepesi zaidi: baki na chati ya mstari, fungua «Format Axis», na chini ya «Axis Type» chagua «Date axis». Kinyume chake, «Text axis», hufaa pale ambapo siku zisizo na kazi hazipaswi kuacha mapengo, kama kwa duka lisilofunguliwa Jumapili.

Kuongeza majina ya mihimili katika Excel

Bofya mara moja popote ndani ya chati. Hatua hii watu huiruka, kisha hulalamika kwamba menyu haipo. Kichupo cha «Chart Design» hujitokeza kwenye utepe wa menyu ulio juu ya skrini pale tu chati inapokuwa imechaguliwa.

Kuanzia toleo la 2013, alama ya kujumlisha hutokea kwenye kona ya juu kulia ya chati. Ibofye, kisha weka tiki kwenye «Axis Titles». Visanduku viwili vyenye maneno «Axis Title» vitatokea, kimoja chini na kingine kushoto. Ukitaka jina la mhimili mmoja tu, sogeza kipanya hadi kwenye kishale kilicho kulia kwa maneno «Axis Titles» na uchague «Primary Horizontal» au «Primary Vertical». Njia ya pili, inayofika palepale, ni «Chart Design», kisha «Add Chart Element», kisha «Axis Titles». Kwenye Excel 2007 na 2010, ambazo bado zinafanya kazi kwenye kompyuta nyingi za zamani, fungua kichupo cha «Layout» kilicho chini ya «Chart Tools» na ubofye «Axis Titles».

Bofya kisanduku, futa maneno yaliyomo na uandike jina lako. Usikiache kisanduku chenye maneno «Axis Title» ndani ya ripoti. Ni afadhali kisiwepo kabisa, maana kikibaki hivyo kinamtangazia kila mtu kwamba kazi haikukaguliwa.

Ukikuta «Axis Titles» haimo kwenye orodha, tazama aina ya chati yako. Chati ya duara haina mihimili, hivyo haina cha kupewa jina.

Ipo njia nyingine inayowafaa sana wanaotoa ripoti ileile kila mwezi. Jina la mhimili linaweza kuunganishwa na seli, ili seli ikibadilika jina nalo libadilike. Tuseme kwenye D1 umeandika fomula ="Mauzo ya "&A1&" (Sh milioni)", na A1 ina jina la mwezi. Bofya kisanduku cha jina la mhimili mara moja tu ili mpaka wake uonekane, kisha nenda kwenye sehemu ya fomula juu ya karatasi, andika alama ya =, bofya seli D1 na ubonyeze Enter. Kisanduku hakikubali fomula ndefu ndani yake. Kinakubali kuelekezwa kwenye seli moja, kwa hiyo fomula yenyewe ikae kwenye seli.

Maneno ya kuandika

Jina zuri la mhimili hutaja kitu kinachopimwa, kisha kipimo chake. «Mauzo» halitoshi, kwani yanaweza kuwa mauzo kwa shilingi, kwa dola, kwa katoni au kwa idadi ya wateja. «Mauzo (Sh milioni)» linatosha. «Mvua» halitoshi, «Mvua kwa mwezi (mm)» linatosha. «Umeme» linaweza kuwa uniti za LUKU au pesa iliyolipwa, na mambo hayo mawili hayapandi pamoja kila mara, kwa hiyo andika «Umeme uliotumika (uniti)» au «Malipo ya umeme (Sh)». Asilimia nayo inahitaji kuelezwa ni asilimia ya nini: «Asilimia ya wanafunzi wote» si sawa na «Asilimia ya waliofanya mtihani».

Kuhusu kuandika «Mwaka» chini ya lebo 1980, 1990 na 2000, maoni yangu ni kwamba si lazima, kwa sababu hakuna atakayedhani ni kitu kingine. Hali ni tofauti pale mwaka wenyewe unapokuwa na utata. Mwaka wa fedha wa Serikali ya Tanzania huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, na kampuni nyingi hufuata mwaka wa kalenda. Chati ya bajeti yenye lebo «2023» pekee humwacha msomaji njia panda, na hapo maneno «Mwaka wa fedha (Julai–Juni)» yanafanya kazi ambayo haiwezi kufanywa na kitu kingine.

Lebo za miaka ya fedha zina mtego wake. Ukiandika 2012/13 kwenye seli, Excel huiacha kama maandishi. Ukiandika 2010/11, huidhania kuwa ni mwezi wa 11 wa mwaka 2010 na kuigeuza kuwa Nov-10. 2011/12 nayo hugeuka kuwa Dec-11. Kwa hiyo mfululizo wa miaka kumi unaweza kuwa na lebo mbili au tatu zilizogeuka miezi, huku nyingine zikiwa salama, na mhimili mzima ukavurugika kwa sababu Excel imeona tarehe ndani yake. Kabla ya kuandika, chagua safuwima nzima, nenda «Format Cells», chagua «Text», ndipo uingize miaka. Ukikumbuka baada ya kuandika, kubadilisha muundo wa seli hakutarudisha kitu. Itabidi uandike upya, au uanze kila seli na alama ya ' ili Excel isiiguse.

Miezi nayo ina yake. Kama seli zako zina tarehe halisi, si maandishi, lebo hutoka Jan, Feb, Mar, Apr, May, na ripoti ya Kiswahili inabaki na «May», «Aug» na «Dec» chini ya chati. Chagua seli za tarehe, fungua «Format Cells», nenda «Date», na kwenye orodha ya «Locale» chagua Kiswahili. Kisha chagua «Custom» na urekebishe muundo uwe mmmm ili upate Januari, Februari, Machi na kadhalika, ukihakikisha kwamba ile alama ya lugha iliyo ndani ya mabano ya mraba mwanzoni imebaki mahali pake. Chati itaufuata muundo huo mradi kisanduku cha «Linked to source», kilicho chini ya «Number» kwenye «Format Axis», kina tiki.

Saa za siku zinahitaji uangalifu wa pekee kwa wasomaji wetu. Chukua chati ya idadi ya abiria wanaopanda mwendokasi pale Kimara kila saa, yenye lebo 6, 7, 8 na 9. Aliyezoea saa za Kiswahili atasoma 7 kuwa saa saba, mchana wa jua kali, wakati mtayarishaji alikusudia saa moja asubuhi. Kama takwimu zimetoka kwenye mashine, acha lebo zisomeke 06:00, 07:00, 08:00 na uandike jina «Saa (mfumo wa saa 24)». Kama chati ni ya wananchi wa mtaa, andika lebo kama maandishi, «saa 12 asubuhi», «saa 1 asubuhi», na usichanganye mifumo miwili ndani ya ripoti moja.

Namba kubwa

Mhimili wima wa chati yetu ya sensa utakuja na lebo 1000000, 2000000, 3000000, na jicho litahesabu sifuri. Bofya mara mbili namba hizo, na kwenye «Format Axis» tafuta «Display units», uchague «Millions». Lebo zitakuwa 1, 2, 3, lakini Excel itaongeza neno «Millions» kando ya mhimili. Andika wewe mwenyewe kwenye jina la mhimili «Idadi ya watu (milioni)», kisha uondoe tiki kwenye «Show display units label on chart». Usiondoe neno la Excel kabla hujaandika lako. Mhimili unaoonyesha 1 hadi 6 bila neno «milioni» mahali popote unasema kwamba Dar es Salaam ina wakazi watano.

Njia nyingine ni kutumia muundo wa namba. Chini ya «Number», kwenye «Format Code», andika 0.0,, na ubofye «Add». Kila koma inayokaa mwishoni hugawanya kwa elfu, hivyo koma mbili huleta milioni, na 5,383,728 husomeka 5.4. Kwa shilingi za maduka ya kawaida, koma moja na maneno «Sh elfu» hutosha. Ukiona koma hazifanyi kazi, huenda kompyuta imewekwa kwa nchi inayotumia nukta kutenganisha maelfu. Katika hali hiyo tengeneza safuwima ya tatu yenye fomula =B2/1000000 na uchore chati kutoka hapo; njia hiyo haigomi kwenye programu yoyote.

Lebo ndefu zinazolala mshazari

Majina ya kata na mitaa yetu ni marefu. Ukiwa na Mwananyamala, Makumbusho, Mbagala Kuu na mengine kumi chini ya chati ya nguzo, Excel huyalaza mshazari, na msomaji hulazimika kuinamisha shingo. Unaweza kubadilisha pembe kwenye «Format Axis», katika sehemu ya «Text Options», kwa kuandika namba kwenye «Custom angle». Naona hilo ni kupunguza maumivu tu. Tiba ni kugeuza chati iwe ya nguzo zilizolala: bofya chati, kisha «Change Chart Type», kisha «Bar». Majina yatasimama kushoto, yakisomeka kama orodha.

Jaribu na wilaya tano za mkoa kwa sensa ya 2022: Ilala 1,649,912, Temeke 1,346,674, Ubungo 1,086,912, Kinondoni 982,328 na Kigamboni 317,902. Utashangaa kuona Kigamboni juu na Ilala chini, kinyume cha jedwali, kwa kuwa chati ya aina hii huanza kuhesabu kutoka chini. Bofya mara mbili majina ya wilaya, weka tiki kwenye «Categories in reverse order», na mpangilio utageuka. Namba za mhimili wa pili zitaruka juu ya chati; zirudishe chini kwa kuchagua «At maximum category» palepale kwenye kidirisha. Baada ya hapo jina «Idadi ya watu» linakuwa la mhimili mlalo, na mhimili wima wa wilaya hauhitaji jina ikiwa kichwa cha chati kimeshataja wilaya.

Mahali pengine ambapo lebo hukaa vibaya ni kwenye takwimu za faida na hasara. Thamani zikishuka chini ya sifuri, majina ya miezi hubaki kwenye mstari wa sifuri na nguzo za hasara huyapitia juu. Kwenye «Format Axis», chini ya «Labels», badilisha «Label Position» iwe «Low», na majina yatashuka hadi chini ya chati.

Mhimili usioanzia sifuri, na mhimili wa pili

Excel hujichagulia mwanzo wa mhimili. Tofauti kati ya thamani kubwa na ndogo ikiwa chini ya takribani moja ya sita ya ile kubwa, huacha sifuri na kuanzia juu zaidi. Mauzo ya Sh milioni 95, 97 na 99 yanaweza basi kuonekana kana kwamba biashara imeongezeka maradufu. Kwa chati ya nguzo, ambayo msomaji hulinganisha urefu, weka 0 kwenye «Minimum» kila mara. Kwa mstari si lazima, hasa kwa vitu kama joto, ila lebo za mwanzo na mwisho zionekane wazi.

Mhimili wima wa pili hutumika pale vipimo viwili tofauti vinapokaa kwenye chati moja. Mfano unaokubalika ni hali ya hewa ya Dar es Salaam: mvua kwa milimita, ambayo hupanda wakati wa masika kati ya Machi na Mei na tena wakati wa vuli kati ya Oktoba na Desemba, pamoja na wastani wa joto, ambao hauyumbi sana mwaka mzima. Ukiiweka kwenye mhimili mmoja, mistari ya mvua itafika mamia na joto litalala chini likionekana kama halipo. Bofya mstari wa joto kwa kitufe cha kulia, chagua «Format Data Series», kisha «Secondary Axis». Rudi kwenye alama ya kujumlisha, fungua «Axis Titles», na uweke tiki kwenye «Secondary Vertical».

Hapa majina ya mihimili si hiari. Bila hayo, hakuna njia ya kujua ni namba za upande upi zinazohusu mstari upi. Wengi hupaka jina rangi ya mstari wake, na hiyo ni sawa kwenye skrini, lakini nakala ya wino mweusi kutoka steshenari huifuta tofauti hiyo yote. Onyesha mvua kwa nguzo na joto kwa mstari, kisha uandike «Mvua, nguzo (mm)» upande mmoja na «Joto, mstari (°C)» upande mwingine. Kwa mambo mengine, kama mapato na idadi ya wateja, ningependelea chati mbili ndogo zilizowekwa moja juu ya nyingine. Mihimili miwili humwezesha mtayarishaji kuikutanisha mistari popote anapotaka kwa kubadilisha tu «Maximum», na msomaji mwangalifu analijua hilo.

LibreOffice Calc

Katika Calc, majina ya mihimili huombwa tangu mwanzo: hatua ya mwisho ya kutengeneza chati, «Chart Elements», ina nafasi za «X axis» na «Y axis». Ukizipita, bofya chati mara mbili ili uingie kwenye hali ya kuhariri, kisha nenda «Insert» na «Titles». Kama hujabofya mara mbili, menyu ya «Insert» itakuonyesha mambo ya karatasi nzima na hutaona «Titles». Katika chati ya nguzo zilizolala, Calc huendelea kuuita X ule mhimili wa makundi ingawa umesimama wima, kwa hiyo jina la wilaya liandike kwenye X.

Lebo hurekebishwa kupitia «Format», «Axis», kisha mhimili unaoutaka. Kichupo cha «Scale» kina mwanzo na mwisho wa mhimili, na lazima uondoe tiki ya «Automatic» kabla ya kuandika namba yako. Kichupo cha «Label» kina pembe ya maandishi. Kwa chati yetu ya sensa chagua aina ya «XY (Scatter)» tangu mwanzo.

Google Sheets

Bofya chati mara mbili ili kidirisha cha «Chart editor» kifunguke, nenda «Customize», kisha «Chart & axis titles». Juu kuna orodha ya kuchagua. Badilisha kutoka «Chart title» hadi «Horizontal axis title» au «Vertical axis title», ndipo uandike kwenye «Title text». Wengi huandika jina la mhimili huku orodha ikiwa bado kwenye «Chart title», kisha hushangaa kichwa cha chati kimebadilika.

Google Sheets huchukua jina la mhimili kutoka kwenye vichwa vya safuwima. Ukiandika «Mauzo (Sh milioni)» kwenye B1 kabla ya kuchora, nusu ya kazi imekwisha. Ikiwa miaka imegeuka kuwa mstari, nenda «Setup» na uangalie tiki za «Use row 1 as headers» na «Use column A as labels». Kwenye simu, gusa chati, fungua sehemu ya kuihariri na utafute «Titles». Inatosha kwa kurekebisha neno, lakini mambo ya mwanzo na mwisho wa mhimili ni bora yafanywe kwenye kompyuta.

Kabla ya kuituma

Punguza chati kwenye skrini hadi ifikie upana itakaokuwa nao kwenye karatasi ya A4, na uangalie kama lebo bado zinasomeka; ukubwa wa herufi chini ya pointi 9 hupotea kwenye nakala, na kwa projekta unahitaji zaidi. Angalia pia kama Excel imeruka baadhi ya majina kwa kukosa nafasi, jambo ambalo hulifanya bila kutoa taarifa. Ukihitaji yote yaonekane, weka 1 kwenye «Specify interval unit» chini ya «Labels».

Kwa kuituma chati peke yake, usipige picha ya skrini. Katika Excel bofya mpaka wa chati kwa kitufe cha kulia na uchague «Save as Picture», katika Calc chagua «Export as Image», na katika Google Sheets bofya nukta tatu za kona ya chati kisha «Download». Chagua PNG. Ukiirusha WhatsApp, iambatishe kama dokumenti badala ya picha, kwa kuwa picha hubanwa njiani na herufi ndogo za mihimili ndizo huharibika kwanza.